Ukuje na Mahali

Gauni lilikuwa la njano, na halikuwa lake.

Elvire alilitazama likining'inia katika chumba cha kukaushia, katikati ya mashati mawili ya Rodel ambayo yeye mwenyewe alimnunulia Krismasi. Kushoto shati la bluu, kulia shati la mistari, na hapo kati gauni, mikono imejiachia huku na huku kama limewakumbatia wote wawili. Pembeni palikuwa na blauzi mbili, taulo la maua, na vile vitu vidogo vidogo ambavyo mwanamke hafui pamoja na nguo za mwanamume asiyemhusu.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Elvire alitoka zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee kule Kista, akapanda treni vituo viwili mpaka Akalla, mkononi amekumbatia kopo la aiskrimu lililojaa mandazi. Hakumwambia Rodel kwamba anakuja. Alijua atamkuta. Hapa Stockholm mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, lakini zamu yake ya tvättstuga, kile chumba cha kufulia cha jengo zima, hasahau. Zamu ya Rodel ilikuwa saa sita mpaka saa nane.

Wiki nzima Rodel alikuwa amebadilika. Kijana aliyezoea kumwandikia "mahal", yaani mpenzi, asubuhi kabla ya chai na "mahal" tena kabla ya kulala, sasa alikuwa anaandika maneno mawili kama mtu anayelipia kila herufi. *Nimechoka. Tutaongea.* Tutaongea lini, na kesho Jumapili ndiyo siku ya yeye kuja Skärholmen, kwa mama Vénantie, mama yake Elvire, kujitambulisha? Viti vimeshaazimwa kwa majirani. Shangazi Emérithe ameshasuka.

"Mwanangu," mama yake alimwambia zamani, wakati jina la Rodel lilipotajwa nyumbani kwa mara ya kwanza, "huyo Mfilipino unasema ana lugha tano mdomoni. Akikudanganya, utamkamatia kwa ipi?"

Elvire alicheka siku hiyo. Wakati ule alikuwa na sababu ya kucheka. Yeye na Rodel walifahamiana kazini kwa kosa moja la pamoja: wote wawili walimwita mzee Lars "hon", yaani yeye wa kike, na mzee akanuna siku nzima. Kumbe kwao Rodel ni kama kwetu, yeye ni yeye tu, awe baba au awe mama. Walitazamana juu ya kitanda cha mzee, wakajizuia, wakashindwa. Macho ya Rodel yalikuwa madogo na yakicheka yanapotea kabisa, na Elvire alijikuta anangoja yarudi.

Tangu siku hiyo vitendawili vikawa mchezo wao. Alimfundisha kusema "tega", na akamfundisha kwamba anayeshindwa hana budi kutoa mji. Rodel alikuwa akishindwa kila siku, lakini miji aliyotoa ni ile ya kwenye ramani ya treni. "Nakupa Kista. Nakupa Märsta."

"Hiyo si yako," Elvire alikuwa akimwambia. "Nipe wa kwenu."

"Wa kwetu uko mbali," alikuwa akijibu, halafu anageuza maneno.

Ndiyo hayo aliyoyakumbuka sasa, amesimama mbele ya gauni la njano. Halafu akasikia kicheko.

Kilitoka upande wa pili wa mlango, kwenye mashine. Kicheko cha mwanamke, na nyuma yake sauti ya Rodel. Lakini sauti gani hiyo! Mwaka na nusu hajawahi kuisikia. Ilikuwa inapanda na kushuka, ina kasi, ina utani, imejilegeza kama mtu aliyevua viatu nyumbani kwao. Kiswidi cha Rodel kilikuwa cha adabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini. Hiki kilikuwa kitu kingine, na mwenye kukisema kitu hicho alikuwa mtu mwingine.

Elvire akasogea mlangoni. Moyo ulikuwa unampiga mpaka mandazi yakatikisika kwenye kopo.

Nikwambie kitu ambacho Rodel hakukijua. Miezi minane Elvire alikuwa anajifunza Kitagalogi kwa siri. Mwalimu wake alikuwa Cora, mama wa makamo kutoka Manila anayefanya kazi naye Kista. Kila saa ya chakula, Rodel asipokuwa zamu, walikaa jikoni, Cora na daftari, Elvire na kalamu. Alitaka kesho, simu itakapopigwa Ufilipino, amwamkie mama mkwe kwa lugha yake na kila mtu sebuleni apigwe na butwaa. Na kwa kuwa Cora ni mcheshi, siku nyingine alimfundisha na yale maneno ya pembeni. "Hili," alimnong'oneza siku moja huku ameziba mdomo kwa kitambaa, "hili ni la mume na mke mlango ukishafungwa. Usije ukalitamka mbele ya padri."

Basi Elvire akategesha sikio. Cha ajabu, hakuelewa kitu. Neno hili alikuwa karibu kulijua, likamkimbia. Neno lile lilifanana na la daftarini, halikuwa lenyewe. Akasikia jina lake, "Elvire", halafu yule mwanamke akacheka tena. Hakuna kinachouma kama jina lako kuchekwa kwa lugha usiyoijua. Halafu Rodel akashusha pumzi ndefu, akasema polepole, kwa uchungu kabisa:

"*Nalibog ko, Day. Nalibog gyud ko.*"

Hilo alilijua.

Ndilo lile la Cora. Neno la tamaa, la mlango uliofungwa. Na amelisema mara mbili!

Elvire akausukuma mlango.

Rodel alikuwa amekaa juu ya meza ya kukunjia nguo, miguu inaning'inia. Mbele yake alisimama msichana mfupi, mzuri, nywele mpaka kiunoni, ameshika soksi za Rodel mkononi. Soksi! Elvire angevumilia maua, lakini soksi ni kitu cha ndani ya ndoa.

"*Naintindihan ko lahat*," alisema. Nimeelewa yote.

Rodel akaruka chini. "Elvire? Umesema… tangu lini unajua Kitagalogi?" Walikuwa wakiongea Kiswidi kama kawaida yao, lakini chake leo kilijikwaa.

"Tangu miezi minane. Nilikuwa nakuwekea zawadi ya kesho. Nilitaka nimwamkie mama yako kwa lugha yake."

"Lakini mama yangu…"

"Usinipeleke kwa mama yako! Niambie huyu."

"Huyu ni Analyn. Mtoto wa mama yangu mdogo. Amekuja jana kutoka Göteborg. Ni dada yangu."

"Kila mwanamume akifumaniwa ana dada."

"Umenifumania wapi mimi?" Analyn aliuliza, ameshangaa kweli. "Nafua."

"Wewe nyamaza, dada. Sijafika kwako." Elvire aliweka kopo la mandazi juu ya mashine kwa kishindo. "Rodel, umemwambia nini huyu sasa hivi?"

"Nimemwambia nimechanganyikiwa."

"Usinitafsirie uongo!"

"Elvire, ni kweli, nimechanganyikiwa, wiki nzima sijui…"

"Nimesikia kwa masikio yangu! Wiki nzima hunipigii. Mimi naambiwa nimechoka, nimechoka. Kumbe uchovu una nywele ndefu. Mama ameazima viti, Rodel! Shangazi yangu amesuka! Na wewe umekaa juu ya meza unamwambia mtu… unamwambia…" Akashindwa kulitamka. Machozi yalikuwa yanamjia na hakutaka yule msichana ayaone. "*Libog!*" akalitapika. "Mara mbili!"

Mashine ilikuwa inazungusha maji.

Analyn alimtazama Rodel. Rodel alimtazama Analyn. Soksi ikaanguka. Halafu Analyn akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia kapu la nguo chafu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unanicheka?" Elvire alisema, na sauti yake ilikuwa ya hatari.

"Hapana, dada yangu, samahani, hapana… Nani? Nani kakufundisha neno hilo?"

"Cora. Wa kazini."

"Cora wa wapi?"

"Wa Manila."

"Manila!" Analyn alijifuta macho kwa shati la Rodel. "Sikiliza. Huko Manila hilo ni neno la chumbani. Kwetu sisi ni neno la sokoni. La shuleni. Padri wetu analisema madhabahuni, amevaa kanzu yake: wanangu, msichanganyikiwe. Mimi siku ya kwanza kazini Manila, bosi ananieleza mashine, ananiuliza, umeelewa? Nikamjibu mbele ya watu wote, *libog* kabisa, bosi. Nilitaka ardhi ipasuke. Wiki nzima yule mwanamume alikuwa anapita mbali na meza yangu."

Elvire hakucheka. Alitaka, lakini hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Kwa hiyo mlichokuwa mnaongea si Kitagalogi."

"Ni Kibisaya," Rodel alisema taratibu.

"Kibisaya ndiyo nini?"

"Ndiyo lugha yangu." Aliinama kama mtu anayekiri kosa. "Ya mama. Baba yeye ni Mwaray, anaongea Kiwaray, kwa hiyo nyumbani zilikuwa mbili. Kitagalogi nilikikuta shuleni na kwenye televisheni, halafu kikaja Kiingereza. Mama yangu Kitagalogi anakisikia, lakini kukiongea… labda akiwa na hasira na mtu wa benki."

Miezi minane. Daftari zima. Elvire alihisi kama amebeba maji kutoka mbali na kuyamwaga kwenye mlango wa jirani.

Na hapo ndipo wivu ulipogeuka. Ulimwacha Analyn na gauni lake la njano, ukaenda kukaa pengine, mahali pabaya zaidi. Maana mwanamke mwingine utagombana naye yaishe. Lakini utagombana vipi na lugha? Utaifukuzaje lugha iliyomwogesha mtu na kumlaza?

"Na 'mahal'?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Unaloniita kila siku. Ni la lugha gani?"

Rodel akakuna kichwa. "Kitagalogi. La nyimbo na tamthilia. Kwetu nyumbani… linatumika zaidi sokoni. Samaki akipanda bei."

"Maana yake?"

"Ghali."

"Mwaka na nusu unaniita ghali!"

"Na ni kweli," Analyn akadakia kutoka kapuni.

"Analyn, nenda kaanue nguo," Rodel alisema.

"Zimeshakauka?"

"Nenda kaangalie."

Analyn akajiokotea andazi moja, akalinusa, akachukua na la pili, akatoka. Mlango ukajifunga taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?" Elvire aliuliza. "Mimi nilikupa kila kitu. Kirundi cha bibi yangu nilikupa. Kiswahili cha kambi ya wakimbizi Kigoma nilikupa, nyimbo za kuruka kamba nilikupa. Wewe umenipa lugha ya televisheni."

Rodel aliegemea mashine. "Nilipokwenda Manila kusomea unesi, nilifungua mdomo mara moja tu. Darasa zima likacheka. Kwenye tamthilia za kule, anayeongea kama mimi ni mpishi, au yaya, au yule dereva wa kuchekesha. 'E' yetu wanaisikia 'i', 'o' yetu wanaisikia 'u'. Nikajifunza kuongea kama wao mpaka nikasahau kwamba najificha. Halafu nikakupata wewe. Mzuri vile. Nikaogopa nikikupa ile ya nyumbani utacheka."

Elvire alimtazama. Alikumbuka shule ya kule Kasulu alikokulia, na mwalimu aliyemsimamisha asome "kulala" mbele ya darasa, naye akasoma "kurara", na watoto sitini wakapiga meza. Hakuwahi kumsimulia mtu. Hata Rodel.

"Ningecheka," alisema. "Siku moja. Halafu ningejifunza."

Macho yao yakakutana, na hakuna aliyeyaondoa. Mvuke wa mashine ulikuwa umempa Rodel unyevu kwenye paji la uso, na Elvire alitaka kuufuta kwa kiganja. Akajizuia. Bado kulikuwa na jambo.

"Umechanganyikiwa na nini?"

Rodel alitoa simu mfukoni, akatafuta kitu, akampa. Ulikuwa ujumbe wa mama Vénantie, wa Jumapili iliyopita.

*Mwanangu Rodel, siku ya kuja usikuje mikono mitupu. Ukuje na mahali. Bila mahali hakuna mazungumuzo. Mungu akubariki.*

"Nimelitafuta neno hilo kwenye simu," Rodel alisema. "Nikatafuta tena. Nikamwuliza Idd, yule Mtanzania wa ghorofa ya tatu. Wote wanasema kitu kimoja. Mahali ni pa kukaa. Mama yako anataka nije na nyumba, Elvire. Na haki yake, wewe ni binti yake. Lakini mimi nina chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu. Kwenye foleni ya nyumba nina mwaka wa nne, wanasema wanaopata wamekaa kumi na mbili. Nitapata wapi mahali kufikia kesho? Nimezunguka wiki nzima. Nimemwita Analyn anisaidie kuongea, maana ni lazima mtu wa kwetu asimame na mimi. Sikutaka uje ungoje mbele ya watu halafu nifike bila… bila mahali."

Elvire alisoma ule ujumbe mara ya pili. Hakujua alie au acheke. Akapiga simu, akaweka sauti ya wazi.

"Weye!" mama Vénantie aliitika, nyuma yake mafuta yanachachatika. "Uko wapi? Nani atamenya vitunguu?"

"Mama, ulimwambia Rodel alete nini?"

"Nilimwambia ukweli. Akuje na mahali. Ao anafikiri sisi tunagawa watoto bure?"

"Mahari, mama. Ri. Mahari."

"Si ndiyo nasema? Mahali!"

"Mama, mahali ni hapa. Ni pale. Ni sehemu ya kukaa."

Mwiko ukagonga sufuria.

"Yesu wangu," mama alisema. "Sasa yeye kaelewa nini?"

"Kaelewa unataka nyumba."

"Nyumba? Hapa Stockholm? Mimi mwenyewe nilingoja miaka nane kupata hii yenye lifti mbovu!" Sauti yake ikashuka. "Na hakukimbia?"

"Hakukimbia. Alikuwa anaitafuta."

"Mmh."

Hiyo "mmh" ya mama yake Elvire aliijua tangu utotoni. Ilikuwa na ngazi zake, na hii ilikuwa ya juu kabisa.

"Elvire."

"Naam, mama."

"Mwambie hivi. Zile lugha tano asikuje nazo zote, zitajaza sebule. Akuje na moja, ile aliyonyonya nayo. Tutaelewana. Na weye urudi, vitunguu vinakungoja."

Simu ikakatika. Rodel, ambaye alikuwa ameshika neno moja hapa na moja pale, alisimama anamtazama Elvire kama mgonjwa anayengoja majibu ya damu.

"Kasema nini?"

Elvire alikaa juu ya meza ya kukunjia, pale alipokuwa amekaa Rodel, akapiga kiganja ubaoni kumwonyesha akae karibu. Akakaa. Bega likagusa bega.

"Kitendawili," alisema kwa Kiswahili.

Rodel alishtuka kidogo. "Tega."

"Nyumba ina mlango mmoja na wapangaji watano. Watatu nimeshapeana nao mikono, wa nne nimesikia jina lake tu. Wa tano ndiye mwenye nyumba, na kila nikibisha anajificha uvunguni."

Alifikiri. Elvire aliona wazi kwamba amelipata jibu, maana yale macho madogo yalianza kupotea. Lakini hakulisema. Alitikisa kichwa polepole.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Mara hii hakutaja kituo cha treni. Alivuta pumzi, akamshika mkono, akakifungua kiganja chake kama anayeweka kitu ndani yake.

"Nakupa Baybay," alisema. "Uko pwani ya Leyte. Kuna soko, kuna kanisa, kuna mama anayeuza dagaa na kuongea sana. Wote Kibisaya. Nakupa wote."

Elvire alifunga kiganja. "Nimeupokea. Nimefika Baybay, nimekula, nimekunywa, nimemkuta mama huyo wa dagaa. Akanitazama juu mpaka chini, akaniita jina. Akaniita nani?"

Rodel alisogeza mdomo sikioni kwake. Sauti ilikuwa ile ile aliyoisikia nyuma ya mlango, iliyovua viatu, na safari hii ilikuwa inaongea na yeye.

"*Langga*," alisema.

"Na hilo, sokoni linamaanisha nini?"

"Hilo haliendi sokoni."

Mlango ukagongwa. Jirani wa Kiswidi aliingiza kichwa na saa yake ya mkononi, akakohoa kwa adabu: saa nane na dakika moja. Nyuma yake Analyn alikuwa ameshika gauni la njano na kopo la mandazi, ambalo Elvire hakujua limechukuliwa saa ngapi, na lilikuwa nusu.

Wakakusanya nguo upesi. Kwenye ngazi Elvire alimweleza Rodel kwamba mama alitaka mahari, si nyumba, halafu akatoa simu, akaandika huku amebeba soksi za Rodel kwenye kwapa lake.

*Mama, mahali ameshaleta. Mahari mtazungumza kesho.*